Utofauti wa wanafunzi uchunguzwe na mwalimu mwenyewe

Msafiri atokaye Kitale kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha akaelekea Bungoma, huwa amepita katika eneo lenye mchanganyiko wa lugha usio na mfano katika sehemu nyingi za nchi yetu. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 mashamba hayo yakagawanywa kwa watu waliotoka pande mbalimbali. Ndiyo sababu mwalimu wa shule ya msingi katika viunga vya Kitale aghalabu huwa na Wabukusu, Wasabaot, Wateso, Waturkana, Wapokot, Wagikuyu na Wakisii katika chumba kimoja, wakitazama ubao mmoja.

Swali ni hili: je, shule zetu huujua utofauti huo kwa namna inayomfaa mtoto? Mara nyingi jibu ni la. Tumezoea kuuhesabu tu. Mtafiti hufika na hojaji, huuliza kila mtoto kabila lake, hupiga jumla, huandika tasnifu, nayo tasnifu hufungiwa kabatini chuoni. Mwalimu aliyewapanga watoto ili waulizwe maswali haoni hata ukurasa mmoja. Mtoto aliyekuwa kimya nyuma ya darasa kabla ya utafiti huendelea kuwa kimya baada yake.

Kuna njia nyingine, nayo ni utafiti tendaji, yaani utafiti unaofanywa na mhusika mwenyewe kuhusu kazi yake, kwa nia ya kuibadilisha. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeihama Ujerumani ya Hitler mnamo 1933 akahamia Marekani, aliifafanua njia hii katika makala aliyochapisha mwaka wa 1946. Ni vyema ikumbukwe kwamba makala hayo yalihusu matatizo ya jamii za wachache na uhusiano baina ya makundi. Baadaye, mnamo 1975, Mwingereza Lawrence Stenhouse alishikilia kwamba mwalimu hana budi kuwa mtafiti wa darasa lake. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hilo kwa ufupi: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Hatua zake ni nne: kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari, kisha mzunguko huanza upya. Ugumu huwa katika kuchagua swali. Swali la "Utofauti huathiri vipi masomo?" ni pana mno, wala halimwelekezi mwalimu afanye nini kesho asubuhi. Swali lifaalo ni dogo. Mathalani: "Kwa nini watoto fulani katika darasa langu hawajibu maswali ya Kiswahili, na nikibadilisha jinsi ninavyouliza, watajibu?"

Nimetaja Kiswahili kwa makusudi. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, sera yetu imekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na palipo na mchanganyiko, kama mjini Kitale, Kiswahili kitumike. Tumekichukulia Kiswahili kuwa uwanja tambarare ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Kijamii, dai hilo lina ukweli mwingi. Kiisimu, uwanja huo una mwinuko.

Mtoto wa Kibukusu ajapo shuleni huwa tayari anasema omundu kwa mtu mmoja na babandu kwa wengi. Mfumo wa ngeli na upatanisho wa kisarufi anao kichwani kabla ya kuujua kwa jina. Mwenzake Msabaot hutoka katika lugha ya jamii ya Kalenjin, ambayo aghalabu huonyesha umoja na wingi mwishoni mwa neno. Mteso na Mturkana nao hutoka katika lugha zinazoainisha nomino kwa jinsi, ya kiume na ya kike. Watoto hawa hawana upungufu wa akili hata kidogo. Wanapanda kilima ambacho mwenzao alizaliwa juu yake. Mwalimu asiyelijua hili humwita mmoja hodari na mwingine mzito.

Hata hivyo, elimu hii ya isimu inaweza kumpotosha mwalimu akiitumia bila uchunguzi. Akimsikia Msabaot akisema "kitabu yangu", huenda akakimbilia kusema kwamba lugha ya mama imemharibu. Lakini na asikilize uwanjani wakati wa mapumziko: Mbukusu naye husema "kitabu yangu", na Mgikuyu vilevile, kwa kuwa hicho ndicho Kiswahili cha sokoni na cha stendi ya matatu. Kosa linalosemwa na wote haliwezi kuelezwa kwa lugha ya mmoja. Hapo ndipo thamani ya utafiti ilipo, kwamba humlazimisha mwalimu kutazama kwanza na kuhukumu baadaye.

Tuseme basi kwamba mwalimu wa Gredi ya Nne ameamua kuanza. Kwa majuma mawili asibadilishe chochote. Amwombe mwenzake aketi nyuma ya darasa mara mbili kwa juma, akiwa na mchoro wa viti, atie alama kila mtoto anapoulizwa, anapojibu, anapochekwa. Yeye mwenyewe aandike shajara kila jioni, mistari mitano au sita. Aghalabu alama hizo humfunza unyenyekevu: mwalimu aliyedhani anauliza darasa zima hugundua kwamba anauliza madawati mawili ya mbele.

Kisha atende jambo moja tu. Kwa mfano, kabla ya kujibu mbele ya wote, watoto wajadiliane wawili wawili kwa lugha yoyote wanayoielewana, ndipo waseme jibu kwa Kiswahili. Sharti liwe moja: hakuna kucheka lafudhi ya mtu. Baada ya majuma manne, mwenzake arudi na mchoro uleule. Waliokuwa kimya wamesema? Kama hawakusema, tatizo huenda halikuwa lugha. Pengine ni njaa, au mahali wanapoketi, au hofu. Basi mzunguko wa pili uanzie hapo. Matokeo ya darasa moja hayawezi kudaiwa kuwa ya kaunti nzima, lakini yanaweza kujaribiwa na mwalimu wa shule jirani.

Sasa nifike kwenye jambo nyeti. Katika eneo hili, kumuuliza mtoto kabila lake si swali jepesi. Kulikuwa na mapigano ya ardhi ya 1991 na 1992. Kulikuwa na umwagaji damu wa Mlima Elgon kuanzia 2006, wakati wa kundi la Sabaot Land Defence Force, hadi operesheni ya kijeshi ya 2008. Kulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika misiba hiyo watu walilengwa kwa sababu ya jamii zao na walihama makwao. Baadhi ya watoto wa siku hizo ni wazazi leo. Mzazi wa aina hiyo akisikia kwamba shule inaandika orodha ya makabila, ana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo mwalimu asiulize, "Wewe ni kabila gani?" Aulize, "Nyumbani unazungumza lugha gani na nani?" Swali la kwanza humtia mtoto katika kundi, la pili hueleza anachokijua. Isitoshe, mtoto wa Kitale anaweza kuzungumza Kisabaot na nyanyake, Kibukusu na majirani na Kiswahili na dada zake, na orodha ya makabila haiwezi kulionyesha hilo. Majina yasiandikwe katika ripoti, wazazi waelezwe mapema na waridhie, na daftari lihifadhiwe pasipofikiwa na kila mtu.

Najua jibu la walimu wengi: darasa lina watoto wengi mno tangu elimu ya msingi bila malipo ianze 2003, na muda uko wapi? Malalamiko hayo ni ya haki, wala serikali isijifiche nyuma ya juhudi za mwalimu. Ila kutia alama kwenye mchoro wa viti hakuhitaji ruzuku. Vyuo vya ualimu navyo vimpe mwanafunzi alama kwa kubadilisha somo lake na kueleza kilichotokea, badala ya kumtuza kwa wingi wa hojaji alizogawa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha saba, inaitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Agizo hilo litabaki maandishi matupu iwapo mtoto wa dawati la nyuma hatapata nafasi ya kusema.