Walimu wa kiume wamepotelea wapi? Nendeni Momba!

Huku chuo tuko hai, ugali maharage kama kawaida. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi kwenye semina mwenzetu mmoja kasimama, eti ualimu wa msingi umekuwa kazi ya akina mama, ndiyo maana watoto wa kiume wanaharibika, hawana baba darasani. Watu wakapiga makofi! Kaka, hizo ni hesabu za Uingereza. Kule England, shule za awali na msingi, wanaume ni kama 14 tu katika kila walimu 100. Wao wakilalamika nawaelewa. Bongo miaka na miaka tuko karibu nusu kwa nusu. Dunia nzima wanawake ni kama theluthi mbili ya walimu wa msingi, sisi tuko chini ya hapo. Sasa huyo baba kapotelea wapi?

Mie mtoto wa Tunduma. Kwetu Zambia ni kuvuka geti tu, upo Nakonde. Na Zambia nao kitaifa ni karibu nusu kwa nusu. Ukiziweka karatasi za nchi mbili pamoja utasema mambo safi. Safi wapi bwana! Pande zote mbili walimu wa kike wanajazana mijini, vijijini wanabaki wanaume. Mkoa wetu wa Songwe tumeupata 2016, lakini hebu toka Tunduma mjini ushuke bonde la Ziwa Rukwa, Kamsamba huko wilaya ya Momba. Shule moja niliyofika (jina naliacha) walimu ni wanaume watupu. Binti wa darasa la sita akichafuka akiwa darasani anamwambia nani? Anakaa nyumbani siku 3, mwezi unaofuata wiki, halafu haji tena. Baadaye mnasikia kaolewa.

Na sababu mnazijua. Dada anapangiwa kijijini, nyumba ya mwalimu hakuna, maji mbali, mshahara mpaka upande gari. Akiolewa anaomba uhamisho kumfuata mume. Simlaumu, hata mie ningeomba. Tatizo nafasi yake haijazwi na dada mwingine.

Wazambia kuna mambo wametuzidi, tukubali. Walimu wao wa vijijini wana posho ya mazingira magumu. Kwetu ni madai ya kila Mei Mosi. Binti aliyejifungua wao walimruhusu kurudi shule tangu 1997, sisi mpaka Novemba 2021. Mwaka 2022 wakaajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mpigo. Na bado vijijini kwao wanawake ni wachache! Kwa hiyo posho peke yake haitoshi, dada anataka nyumba yenye mlango unaofungika na mwenzake wa kike wa kukaa naye. Wapangwe wawili wawili basi, si mmoja mmoja kama wamefungwa.

Yule kaka wa semina anataka vivutio vya kuwaleta wanaume kwenye ualimu. Hela hiyohiyo ijenge nyumba Kamsamba.

Mliokwisha kufundisha Momba au Ileje, hebu semeni: shuleni kwenu walimu wa kike walikuwa wangapi, na walikaa muda gani?