Tusihesabu waliofika Mirembe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Makole tunalo jirani, lakini wananchi wengi hulichukulia kwa mzaha. Watu wakigombana stendi, husikii ila "huyu apelekwe Mirembe". Hospitali hiyo ipo hapa Dodoma tangu miaka ya 1920 na imetibu wengi, lakini jina lake limegeuzwa kuwa tusi. Kwa hiyo jamaa wengi humficha mgonjwa ndani, au humzungusha kwa waganga, na kumfikisha hospitali akiwa amekwisha kuzidiwa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kila yanapozungumzwa magonjwa mazito ya akili tunatazama wodini. Tukisikia kwamba vijana kadhaa waliolazwa walikuwa wavutaji bangi, tunakata shauri: chanzo ni bangi. Sisemi bangi haina hatia. Lakini wodi huonyesha waliofikishwa tu. Kijana anayerusha mawe barabarani hukamatwa na kupelekwa siku hiyo hiyo. Mama aliyejifungua akaanza kusikia sauti zisizokuwapo, akanyamaza jikoni, nani atampeleka? Anayetaka kujua chanzo hana budi kupita nyumba hadi nyumba, awahoji wagonjwa na wazima, kisha alinganishe.

Kazi ya namna hiyo ilifanyika Dar es Salaam, matokeo yakatolewa mwaka 2010. Walihojiwa watu wazima 899, na karibu 4 katika kila 100 walieleza kupata dalili za kuchanganyikiwa akili katika mwaka uliotangulia. Dalili si ugonjwa kamili, hilo lieleweke. Zilizidi kwa waliotumia bangi, na zilizidi pia kwa waliopatwa na misukosuko miwili au zaidi ya maisha. Hili la pili sijasikia likitajwa kwenye mikutano ya hadhara! Tena hata hilo la bangi lina pande mbili, kwani mtu aliyekwisha kuanza kuugua anaweza kuikimbilia bangi ili atulie.

Watakuwapo watakaosema Wazungu wamekwisha kutafiti. Kweli, Denmark walionyesha kwamba waliozaliwa mijini huugua zaidi ya wa mashambani. Lakini ulinganisho wa nchi 42 za kipato cha chini na cha kati, uliotolewa mwaka 2018, haukuona tofauti hiyo. Basi jibu la Copenhagen haliwezi kuazimwa likatumika Chamwino. Na kwetu si swali dogo. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika mji huu. Ya 2022 ikakuta 765,179. Je, kuhama, kodi za nyumba na kukaa mbali na ndugu kunaumiza akili, au ukame wa Bahi ndio unaoumiza zaidi? Tunabahatisha tu.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Kifafa, ambacho wengi walikiita mapepo, kilitafitiwa nyumba hadi nyumba Ifakara, pamoja na Kilifi kule Kenya, Iganga na Mayuge kule Uganda, na sehemu za Ghana na Afrika Kusini. Matokeo ya mwaka 2013 yalitaja matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na vimelea kama tegu wa nguruwe. Hayo yanazuilika kwa mkunga mzuri, choo na nyama iliyoiva. Kuhusu magonjwa mazito ya akili, Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini zilianza mwaka 2018 utafiti mkubwa wa urithi wa damu, wakichukua mate ya maelfu ya wagonjwa na wazima. Sisi hatukuwamo.

Nashauri wahusika waanzie hapa hapa. Mirembe ipo, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao makuu yake mjini humu. Zichaguliwe kata chache za mjini, Makole ikiwamo, na vijiji kadhaa vya wilaya jirani, na watu wafuatwe kwa miaka, si kwa juma moja. Ila watafiti wasije na karatasi peke yake. Wakimkuta mgonjwa amefungwa kamba, dawa na nauli ya kumfikisha kliniki ziwe tayari siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Makole,
Dodoma.