Dau Juu ya Barafu

Baadhi ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wametuletea swali ambalo halijapata kufika mezani pa Tume hii: je, Mkristo aweza kuweka dau juu ya mashindano ya kuteleza kwa madaha kwenye barafu, akabaki na dhamiri safi? Wapo waliocheka. Barafu tuijuayo wengi wetu ni ile ya kupozea samaki. Lakini simu ile ile anayobetia kijana ligi ya Uingereza humfungulia pia michezo ambayo hajapata kuiona kwa macho yake, na fedha itokayo mfukoni ni ile ile. Tumeona swali hili lastahili jibu kamili.

Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa kubahatisha ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2413, yaeleza kwamba michezo hiyo na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Hugeuka kuwa uovu pale inapomnyima mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Yatuonya pia kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa, na kwamba udanganyifu katika mchezo ni jambo zito. Hapo pana maswali mawili: fedha hii ni ya nani, na je, mchezo wenyewe unaendeshwa kwa haki? La kwanza tumelihubiri sana. La pili tumelisahau, na ndilo barafu inalotufundisha.

Katika mpira wa miguu, goli huonekana na uwanja mzima. Katika mchezo huu hakuna goli. Mchezaji huteleza juu ya chuma chenye unene wa milimita chache, huruka, huzunguka hewani mara tatu au nne, hutua kwa mguu mmoja, kisha hungoja waamuzi wampe alama. Anayeweka dau anabashiri mambo mawili kwa pamoja: miguu ya mchezaji na mioyo ya waamuzi. Miguu peke yake yatosha kumwangusha. Mwaka 2018 kule Pyeongchang, Nathan Chen wa Marekani, aliyetarajiwa na wengi kushinda, alikuwa wa 17 baada ya sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili aliwapita wote kwa alama, na bado akamaliza wa 5. Huko ndiko kubahatisha kwa kawaida, na hakuna aliyedhulumiwa.

Mioyo ya waamuzi ni habari nyingine. Mwezi Februari 2002, katika Olimpiki ya Salt Lake City, Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walitangazwa washindi wa jozi mbele ya Wakanada Jamie Salé na David Pelletier, kwa waamuzi watano dhidi ya wanne. Muda si mrefu mwamuzi kutoka Ufaransa alidai kwamba alishinikizwa na mkuu wa shirikisho la nchi yake awape Warusi kura, ili Wafaransa nao wapate kura katika shindano la dansi. Baadaye aliyakana maneno hayo. Hata hivyo wote wawili walifungiwa miaka mitatu, na Wakanada wakapewa nao dhahabu siku chache baadaye. Mfumo wa zamani, ambao alama yake ya juu ilikuwa 6.0, ukaachwa. Tangu mwaka 2004 kila mruko una thamani yake iliyoandikwa, jopo la wataalamu huutazama tena kwenye video, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa kabla ya kupata wastani. Ni hatua njema. Lakini kanuni haziwezi kuondoa kabisa jicho la binadamu katika mchezo unaohukumiwa kwa uzuri.

Lipo jambo linalotusumbua zaidi ya hilo. Huko Beijing mwaka 2022 Kamila Valieva wa Urusi alikuwa na miaka 15. Kipimo alichochukuliwa tarehe 25 Desemba 2021 kilionyesha dawa ya moyo iliyokatazwa, na matokeo yakajulikana michezo ikiwa imekwisha kuanza. Aliruhusiwa kuendelea. Aliongoza baada ya sehemu ya kwanza, kisha akaanguka tena na tena mbele ya ulimwengu mzima, akamaliza wa 4. Mwezi Januari 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimfungia miaka minne kuanzia siku ya kipimo, na dhahabu ya timu ikawaendea Wamarekani, zaidi ya miaka miwili baada ya shindano. Kampuni nyingi za kamari hulipa kwa matokeo yaliyotangazwa siku ile, basi aliyebashiri sawasawa hakuambulia kitu. Lakini hasara hiyo ni ndogo. Tujiulize, ni haki gani tuliyo nayo ya kutaka binti wa miaka 15 aanguke ili sisi tupate shilingi? Shirikisho la mchezo huo limepandisha umri wa washindani wakubwa hadi miaka 17. Nchini Tanzania mtu hawezi kucheza kamari kisheria kabla ya miaka 18. Yule asiyeruhusiwa kuweka dau, twawezaje kumfanya yeye mwenyewe kuwa dau?

Twende kwenye hesabu, maana wengi hawajaelezwa. Tuseme wachezaji wawili wana nafasi sawa. Malipo ya haki ni shilingi 2 kwa kila shilingi 1. Kampuni itaweka odi ya 1.85. Watu kumi wakiweka 1,000 kila mmoja upande huu na kumi upande ule, zimekusanywa 20,000, na washindi hulipwa 18,500. Zile 1,500 hubaki kwa mwenye duka, yeyote ashindaye. Sasa kijana aunganishe mashindano manne ya namna hiyo katika kile waitacho mkeka. Nafasi yake ni moja katika 16. Malipo ya haki yangekuwa 16,000, naye ataahidiwa takriban 11,700. Mkeka ukirefuka, fungu la kampuni nalo hunenepa. Matangazo ya kampuni hutuasa tucheze kwa kiasi, bali hesabu hii hayaielezi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mtu mzima mwenye fedha ya ziada aweza kuweka dau dogo katika shindano la watu wazima, baada ya ada ya shule, chakula na zaka. Kiasi akipange kabla ya shindano kuanza, na mwenzake wa ndoa akijue. Asikope. Akipoteza, asiongeze usiku ule ule ili kurudisha. Wazazi wasiwape watoto namba za siri za simu, jambo dogo ambalo limewaponza wengi. Wanaotuuliza kuhusu bahati nasibu ya parokia tunawajibu kwamba mnunuzi wa tiketi anajua bei yake, zawadi na mfuko unaofaidika, na hakuna anayemwita usiku wa manane anunue nyingine.

Juu ya watunza hazina wa jumuiya na wa vikundi vya kukopeshana tuna mashaka zaidi, kwa kuwa fedha ya wengine inalala katika simu ile ile wanayobetia. Tumeiomba Halmashauri ya Walei iamue kama kila mtunza hazina awe na laini tofauti kwa ajili ya fedha za jumuiya, na kama salio lisomwe hadharani kila Jumamosi kabla ya sala ya kufunga.