Tanga ilinde majengo yake ya kale
Wageni wengi huipita Tanga wakikimbilia Pangani au Lushoto. Ni hasara kwao, na kubwa zaidi kwa wakazi. Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, mashamba ya mkonge, mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya Novemba 1914 na kalamu ya mwandishi Shaaban Robert vimeipa Tanga historia nzito, na majengo yake ya kale ni kumbukumbu ya historia hiyo. Mapango ya Amboni nayo yako jirani. Wapo wanaosema ajira ziko bandarini na kwenye bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, si katika majengo makuukuu. Hoja hiyo ina uzito, lakini kukarabati jengo la kale hakuzuii meli kutia nanga, na likishabomolewa halirudi. Halmashauri ya Jiji iyalinde majengo haya kwa sheria ndogo, iweke vibao vya maelezo na iwafunze vijana kuongoza wageni.