Kutangaza Dini au Kutangaza Habari za Dini?

Kitenzi 'tangaza' hubeba mizigo miwili kwa mkupuo mmoja. Msomaji wa taarifa ya habari hutangaza, na mhubiri naye hutangaza. Wa kwanza hutujuza lililotokea. Wa pili hutuita tuamini. Kwa hivyo, mtu anapouliza iwapo shirika la utangazaji la umma linafaa 'kutangaza dini', huwa ameuliza maswali mawili kwa sentensi moja. Ninashuku kwamba sehemu kubwa ya ubishi uliozuka ukumbini mwetu muhula uliopita, wanachama walipoijadili mada hii hadi mlinzi akaja kuzima taa, ilitokana na utata huo wa kisemantiki. Upande mmoja ulikuwa ukipinga mahubiri. Upande wa pili ulikuwa ukitetea habari. Kila upande uliondoka ukijiona mshindi.

Makala haya yanadhamiria kuyatenganisha maswali hayo, hasa kwa mintarafu ya Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asinitafute gizani: shirika la umma halina wajibu wa kumpa yeyote mimbari, lakini lina wajibu wa kuwa na dawati maalum la habari za dini, lenye wanahabari walioisomea kazi hiyo, na linalofanya kazi yake kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote.

Wanaopinga huanza na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 8 yatamka kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 34 inavitaka vyombo vya habari vinavyomilikiwa na dola visiegemee upande wowote na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Sina ugomvi na ibara hizo. Hata hivyo, taifa kukosa dini rasmi hakulifanyi kuwa taifa la watu wasio na dini. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na karibu asilimia 11 ni Waislamu; wapo pia Wahindu, wafuasi wa dini za jadi, na watu zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini yoyote. Michezo ina kipindi chake kila jioni katika vituo vyetu, na hakuna mhariri amtumaye mtu asiyejua kuotea ni nini akatangaze fainali ya kandanda. Habari za dini hupewa yeyote aliyekuwa zamu siku hiyo.

Wenye umri wa wazazi wetu watasema kwamba dini haikukosa nafasi katika redio ya taifa. Ni kweli, ila tuangalie nafasi yenyewe ilikuwaje. Katika enzi za Rais Moi (1978 hadi 2002), taarifa ya habari ya Jumapili ilizoeleka kuanza kwa Rais kuhudhuria ibada katika kanisa fulani. Msikilizaji aliambiwa nani aliandamana naye na alisema nini baada ya ibada. Kuhusu ibada yenyewe, na kuhusu waumini ambao wangekuwa hapo hata kama Rais hangefika, aghalabu hakusikia lolote. Hiyo ilikuwa habari ya siasa iliyovishwa joho. Mazoea hayo hayajafa. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Nairobi, alipokataa mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ameutoa katika kanisa moja la Soweto, Embakasi, vyombo vingi viliichukua habari hiyo kama mvutano wa wakubwa. Lakini muumini wa kawaida alikuwa na maswali mengine. Sadaka ni nini? Lini kanisa lina haki ya kuirudisha? Maswali haya yana majibu, tena marefu na yenye historia, bora apatikane wa kuyauliza.

Tuchukue mfano mzito zaidi, nao ni mahakama za Kadhi. Kuelekea kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya katiba, mahakama hizo zikiwa miongoni mwa sababu zao kuu. Si wachache walioamini kwamba lilikuwa jambo jipya linaloingizwa kinyemela. Ilhali mahakama hizo zilikuwako kabla ya Kenya huru kuwako. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Mwaka 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua zilizohakikisha kwamba mahakama hizo zingedumu baada ya ukanda huo kuwa sehemu ya Kenya. Mamlaka yake nayo ni finyu: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo.

Haya ni maelezo ya dakika nne redioni. Mtu angeweza kuyasikia kisha bado akapiga kura ya 'La', na hiyo ingekuwa haki yake. Je, nani alikuwa na kazi ya kuyaeleza? Mchungaji alikuwa mhusika katika ubishi huo, na imamu vilevile. Aliyehitajika ni mwanahabari asiye na upande, aliyeisoma historia hiyo kabla moto haujawaka. Mwanahabari wa namna hiyo hapatikani kwa wiki moja ya kampeni. Huandaliwa kwa miaka. Na kazi haiishi: mwaka 2019 pekee, Mahakama ya Juu ilitengua mnamo Januari uamuzi ulioruhusu hijabu katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, na mnamo Septemba Mahakama Kuu ikaamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba msichana aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake alikuwa na haki ya kusoma. Mzazi, mwalimu na mwanafunzi walihitaji mtu wa kuwafafanulia hukumu hizo kwa lugha wanayoielewa.

Hapo ndipo sisi wa Kiswahili tunapoingia. Nikiwa katika mafunzo ya kazini katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, siku ya kwanza ya mfungo nilimsikia msomaji akitangaza kwamba 'Waislamu kote nchini leo wanasherehekea sikukuu ya Ramadhani'. Msikilizaji kutoka Mombasa alipiga simu kuuliza ni sikukuu gani hiyo ya kushinda na njaa. Tulicheka. Lakini wiki chache kabla, kituo hicho hicho kilikuwa kimemwita askofu wa Kikatoliki 'mchungaji mkuu', kikachanganya Misa na ibada ya Meza ya Bwana, na hakuna aliyepiga simu. Nadhani waliochukizwa walizima redio tu.

Makosa haya si madogo kama yanavyoonekana. Kiswahili kimejaliwa msamiati mpana wa dini, na kila neno lina kikao chake. Mawaidha si hotuba, na hotuba ya Ijumaa si hotuba ya mwanasiasa. Mwezi 'huandama', haitoshi kusema umeonekana, kwa kuwa katika kitenzi hicho mna mjadala mzima wa nani aliuona, wapi, na iwapo mwandamo wa Saudia unamfunga muumini wa Lamu. Kila msikilizaji anayeujua mjadala huo anaelewa kwa nini nyumba mbili jirani zaweza kula Idi siku mbili tofauti. Asiyeujua huambiwa tu kwamba 'kumetokea mkanganyiko'. Kwaresima nayo ina mfungo wake usiofanana na wa Ramadhani. Aidha, maneno kama dhambi, toba, malaika na nabii yanatumiwa na Wakristo na Waislamu kwa pamoja. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, alikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na maneno ya kumzungumzia Mungu. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 na tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 zinakaa katika rafu moja ya maktaba yetu, na mwanafunzi wa tafsiri asiyezisoma zote mbili ana pengo. Ni lugha gani nyingine nchini ambamo imamu na padri wanaweza kuhojiwa katika kipindi kimoja bila mmoja wao kujiona mgeni?

Kuna wasemao kwamba suluhisho ni kuwagawia wahubiri wote muda sawa. Sikubaliani nao. Tangu milango ya utangazaji ilipofunguliwa katika miaka ya tisini, wenye kutaka mimbari ya redio wamezipata: Radio Waumini, Hope FM, Iqra FM, Radio Rahma na nyinginezo. Isitoshe, muda huo utagawanywa vipi? Kwa idadi ya waumini, Wahindu watapata dakika za kuhesabu kwa vidole. Kwa usawa wa madhehebu, siku nzima haitatosha.

Hapa, hata hivyo, nakiri kwamba nayumba kidogo. Nyanya yangu, mwanachama wa chama cha akina mama kanisani hadi mwisho wa uhai wake, alikuwa akisikiliza ibada ya Jumapili kwenye redio ya taifa. Ilipofika Ramadhani hakuondoka redioni. Alisikiliza mawaidha pia, akisema kwamba Kiswahili cha masheikh kilimburudisha. Hangefungulia kituo cha Kiislamu kamwe, wala hangejua kilipo. Kwa hivyo sitaki vipindi vya ibada vifutwe. Na Machi 2020, nyumba za ibada zilipofungwa kwa ajili ya korona, ibada ya hewani ilikuwa ndiyo pekee waliyobaki nayo wengi. Ninachokataa ni kuhesabu vipindi hivyo kama habari za dini, kisha kusema kazi imekwisha.

Nililoliacha makusudi hadi sasa ni Shakahola. Mnamo Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, na hatimaye miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watu walioaminika kufa kwa kufunga hadi kufa. Mhubiri aliyeshtakiwa pamoja na wenzake walikana mashtaka, na hilo ni la mahakama. Lakini mahubiri yake hayakuwa siri. Yalikuwa yamesikika kwa miaka kwenye runinga na intaneti, na mwaka 2017 alikuwa amewahi kufikishwa mahakamani kuhusiana na watoto kuachishwa shule. Kitaifa, habari ile ilitufikia kwa uzito wake kupitia wanahabari wa uhalifu, walioitwa kwenye makaburi. Sisemi kwamba dawati la dini lingewaokoa waliokufa, hakuna ajuaye. Nasema kwamba palipaswa kuwa na mtu, analipwa kwa fedha za umma, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza mahubiri kama yale na kuwauliza wanatheolojia, majirani na maafisa wa elimu maswali.

Shirika la Uingereza, BBC, ambalo lilianza kutangaza ibada ya kila siku mwaka 1928, lilifika mahali pa kuwa na mhariri wa dini katika chumba cha habari. Aleem Maqbool aliushika wadhifa huo mwaka 2022. Iliwachukua muda mrefu, na hatuna haja ya kungoja kiasi hicho. Vyuo vyetu kila mwaka huwahitimisha walimu waliosomea Kiswahili pamoja na dini, ya Kikristo au ya Kiislamu, na wengi wao hukaa miaka wakisubiri ajira ya serikali. Wanazijua istilahi. Wameisoma historia. Wanahitaji mafunzo ya uanahabari ya miezi michache na mhariri mkali. Ningependa kumsikia mmoja wao akisoma taarifa jioni ile mwezi utakapoandama.