Soketi Inayotema Cheche ni Deni la Mwenye Nyumba

Mpangaji wa Ukunda, kaunti ya Kwale, akilalamika kwamba soketi ya chumbani kwake inatoa cheche, keateka humjibu, "Usichomeke vitu vingi." Akilalamika tena anaambiwa fundi atakuja Jumamosi, na Jumamosi hiyo haifiki. Chumba kikishaungua, godoro na sare za watoto zikiwa jivu, watu wanakusanyika na kutikisa vichwa: ajali haina kinga. Nimechoka na maneno haya. Ajali hii ilikuwa na kinga, tena ya bei ya chini kuliko kodi ya mwezi mmoja.

Nasema bila kumung'unya: soketi inayotema cheche ni deni la mwenye nyumba. Anayepokea kodi kila mwezi kutoka vyumba kumi vya ploti moja ndiye mdaiwa, na deni lenyewe linakua kila usiku feni inapozunguka. Kampuni ya umeme inaishia kwenye mita. Kutoka hapo hadi kitandani kwa mpangaji, kila waya ni wa mwenye jengo.

Tuanze na cheche yenyewe, maana wenye ploti hujificha nyuma ya kutojua kwetu. Ukichomeka jagi la umeme huku swichi imewashwa, kicheche kidogo kikamulika mara moja na kuzimika, hilo ni jambo la kawaida. Soketi zetu zimewekewa swichi kwa sababu hiyo: zima, chomeka, halafu washa. Lakini cheche zinazorudi kila siku, mlio kama wa samaki kwenye mafuta, harufu ya plastiki, doa la kahawia kando ya tundu au soketi iliyo moto ukiigusa, hizo ni habari nyingine. Nyumba imeshaanza kuungua, ila moto haujatoka ukutani.

Ndani ya soketi hiyo, ama meno ya shaba yamelegea na hayaibani plagi, ama skrubu inayoshika waya haijakazwa. Umeme unaruka pengo, na unaporuka, joto la pale hufika maelfu ya nyuzi, ilhali plastiki inayofunika nyaya nyingi za nyumbani imeundwa kuhimili nyuzi 70 tu. Joto linababua shaba. Shaba iliyobabuka inapitisha umeme kwa taabu, na taabu hiyo inazaa joto jingine. Sasa weka hayo yote Diani, Gazi au Msambweni, ambako upepo wa kusi unaleta chumvi hadi kwenye bawaba za milango. Chumvi inayokula mabati yetu inakula pia shaba iliyo ukutani, na hakuna anayeiona.

Wapo wanaojiliwaza kwamba sakiti breka itaruka. Breka ya kawaida huruka umeme unapozidi kiwango chake au nyaya zinapogusana. Mguso uliolegea hauzidishi umeme. Unaweza hata kuupunguza. Kwa hiyo maji yanachemka, breka imetulia, na soketi inaiva taratibu. Anayengoja breka impe habari atapewa habari na majirani.

Basi cheche zikianza, fanya hivi. Usiivute plagi huku inarusha cheche, na usiipige soketi kofi ili "ikae sawa," mchezo tunaoupenda mno. Kausha mikono, vaa viatu, nenda kwenye meni swichi uzime nyumba nzima. Hapo ndipo unachomoa, na soketi hiyo haitumiki tena hadi ifunguliwe. Usiibandike selotepu na kuirudia Ijumaa. Kama moto umeshashika, maji yasikaribie: mwagia mchanga mkavu, au tumia kizimamoto cha unga au cha gesi ya kabonidioksidi, na tena iwe moto bado ni mdogo na mlango uko nyuma yako. Ukiwa mkubwa, toa watu, acha runinga. Mtu akinaswa na stima usimkumbatie, mtakufa wawili. Zima meni, na kama huifikii, mtenge na waya kwa mti mkavu. Cheche zikiwa kwenye mita au kwenye waya unaotoka nguzoni, usiguse chochote, ipigie kampuni ya umeme, Kenya Power, kwa 97771.

Hayo ni ya mpangaji, na anayaweza. Lakini kuzima meni si kutengeneza soketi. Hapo ndipo tunapomgeukia mwenye jengo na fundi wake.

Fundi yupi? Nchini Kenya, kazi ya kuweka nyaya za nyumba inahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na Sheria ya Nishati ya 2019 inamhesabu anayeifanya bila leseni kuwa mkosaji. Lakini ingia mtaa wa Kona ya Musa uulize ni ploti ngapi ziliunganishwa na kijana mwenye koleo moja na bisibisi ya kupima. Simlaumu kijana, anatafuta riziki. Namlaumu tajiri aliyehesabu kila tofali la jengo lake, kisha akabania waya. Soketi zinataka waya wa milimita mraba 2.5. Ule wa 1.5 ni wa taa. Tofauti ya bei ni ndogo, na bado wapo wanaovuta soketi tatu kwenye waya wa taa kisha wanapaka rangi nzuri juu yake. Na wapo wauza duka wanaouza waya wa alumini uliopakwa shaba kwa jina la shaba. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zisizohatarisha maisha yake. Haki hiyo inauzwa kaunta kila siku, na risiti haitolewi.

Mwenye nyumba atajitetea. Atasema wapangaji ndio wanaochomeka ekstensheni juu ya ekstensheni. Ni kweli, na sitawafichia. Soketi ya ampia 13 kwenye volti 240 inabeba takriban wati 3,100. Jagi peke yake linakula 2,000 hivi; ongeza pasi na friza ya barafu za kuuza, umeshavuka. Ni kweli pia kwamba tunasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie. Tundu lile ni la waya wa ethi, na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vizuizi vilivyowekwa kumlinda mtoto. Tukivifungua kwa kalamu, tunang'oa mlango wenyewe. Wapangaji, acheni.

Lakini nani aliamua kwamba chumba ambacho mama anapikia, anapigia pasi na anagandishia barafu kiwe na soketi moja nyuma ya mlango? Si mpangaji. Aliyechora chumba kile alijua watu wangeishi humo, na alijua Ukunda hapakaliki bila feni. Ekstensheni ni jibu la mpangaji kwa ubahili wa mwenye jengo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkodishaji atunze paa, kuta za nje na mitambo ya pamoja ya jengo. Kama nyaya zinazohudumia vyumba kumi kutoka mita moja si mitambo ya pamoja, basi hakuna kitu cha pamoja katika ploti hiyo ila choo.

Serikali nayo haiponi. Mwaka 2015 ilianzisha mradi wa Last Mile na kuteremsha gharama ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ilikuwa kazi njema. Vijiji vingi viliona taa. Lakini karatasi ya fundi huombwa siku ya kuunganishwa, kisha faili inafungwa. Baada ya miaka kumi ya chumvi na wapangaji wapya, nani anarudi kufungua hata soketi moja? Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti zimamoto, na pia usambazaji wa umeme na gesi. Kaunti ya Kwale inajua kutoza ada za biashara hadi kibanda cha viazi karai. Ijue pia kudai cheti cha nyaya kwa kila ploti ya kukodisha, kinachofanywa upya kila baada ya miaka mitano.

Msiniambie haiwezekani, kwa maana Diani imeshaonyesha kwamba inawezekana. Mbega wetu walikuwa wakifa kwenye nyaya za stima za Beach Road. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, likakata matawi yaliyokaribia nyaya, likatundika ngazi za kamba juu ya barabara, na likashirikiana na kampuni ya umeme kuzifunika nyaya palipo hatari. Nawapongeza kwa moyo wote; mbega ni wetu. Lakini kama mji unaweza kumfunikia mbega waya wa mtini, utashindwaje kumfunikia mtoto wa Mvindeni waya wa ukutani?

Na msiniambie ni jambo dogo. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell mjini London liliwaka na watu 72 wakafa. Moto ulianzia kwenye friji moja jikoni, kwa hitilafu ya umeme, na ukuta wa nje uliofunikwa kwa vitu vinavyowaka ukamaliza kazi. Sisi tunajifunika kwa makuti. Cheche moja ikifika kwenye makuti ya kiangazi, hakuna gari la zimamoto litakalowahi.

Limebaki la kadari. Nalisikia hasa kutoka kwa wenye ploti wacha Mungu, wa safu ya kwanza msikitini. Mtume alipoulizwa na bedui kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alimwambia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mwenye nyumba aliyeambiwa mara tatu kwamba soketi inaungua na hakuleta fundi hajategemea lolote. Amemwachia Mungu bili yake.

Basi wapangaji wa Ukunda, Tiwi, Kinondo na Msambweni, msisimame mmoja mmoja mlangoni kwa keateka. Pigeni picha kila soketi yenye doa la kahawia. Mtumieni mwenye jengo siku moja, nyote, kwa maandishi yenye tarehe na namba ya chumba. Takeni fundi mwenye leseni ya EPRA, na mtake kuiona leseni yenyewe. Aifungue soketi mbele yenu, aukate waya ulioungua, aweke soketi mpya yenye alama ya KEBS, shirika la viwango. Kisha hifadhini ule ujumbe. Mwenye nyumba akitengeneza, mmepona. Asipotengeneza na moto ukaja, atasimama mbele ya polisi, hakimu na Mola wake, na hataweza kusema kwamba hakuambiwa.