Kabla ya kukipa kigari nguvu, mtazame bawabu wake

Msomaji mpendwa, leo nakuomba uniwie radhi, kwa sababu ukurasa huu ambao aghalabu huzungumzia malezi, karo na mapishi utanukia mpira ulioungua. Mjomba wangu alinusurika chupuchupu, na mjukuu wake wa miaka saba vilevile, kwa sababu ya kidude kisichozidi ukubwa wa kikombe cha chai. Sitaki yakupate yaliyompata.

Mjomba ni mkulima wa mahindi na maziwa upande wa Kiminini, si mbali na mji wa Kitale. Goti lake la kulia liliharibika miaka mingi iliyopita, na kutoka zizini hadi barabarani anakopitia mchukuzi wa maziwa ni mwendo wa kilomita nzima, nusu yake ikiwa ni kilima kinachopanda kutoka mtoni. Basi aliposikia kwamba hoteli fulani inauza vigari vyake vya zamani vya gofu, alikwenda akanunua kimoja kwa bei ya mtamba mzuri. Wengi wetu huviona vigari hivyo katika viwanja vya gofu, kwenye hoteli za Pwani au katika nyua za hospitali kubwa. Mjomba alikiona na kufikiria mitungi ya maziwa.

Kigari kilifika kikawa gumzo la kijiji. Hakinguruma, hakitoi moshi, na betri zake huchajiwa usiku kwa stima ya nyumbani. Tena kuna jambo ambalo watu wa Kitale wanapaswa kulijua. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupungukiwa na pumzi mahali palipo juu kiasi hicho kwa kuwa hewa ni nyembamba. Mota ya umeme haipumui, kwa hivyo nguvu zake ni zile zile awe mtu Kitale au Malindi.

Lakini mvua zilipoanza, njia ikawa tope na kigari kikaanza kuomba msaada. Kikiwa na mitungi mitatu nyuma, kilikuwa kikifika katikati ya kilima kinatetemeka na kusimama. Wanawe Mjomba, vijana wa siku hizi wasiokubali kushindwa na kitu, wakasema dawa ni kubadilisha kontrola. Wakapata moja iliyotumika, kubwa kuliko ya awali, wakaifunga wenyewe Jumamosi moja wakiwa na spana mbili na redio ikiimba. Siku hiyo kigari kilipanda kilima kama swara. Watu walipiga makofi.

Ngoja kwanza nikueleze kilichomo ndani, ndipo utaelewa yaliyofuata.

Kigari cha Mjomba kina betri sita za volti 8 kila moja, zilizofungwa kwa mfululizo, jumla volti 48. Kati ya betri na mota wamesimama wafanyakazi wawili. Wa kwanza ni solenoidi, ambaye mimi namwita bawabu. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Ukikanyaga mafuta (ndiyo, bado twasema hivyo ingawa mafuta hayamo) umeme kidogo hupita katika koili, ikawa sumaku, ikavuta kisahani cha shaba kikagusa nguzo mbili nene. Utasikia "tak!" Lango limefunguka na umeme mkubwa unapita. Ukiinua mguu, koili inapoteza usumaku, springi inakirudisha kisahani, lango linafungwa. Mliosoma fizikia katika shule ya upili mnakumbuka ile misumari tuliyoizungushia waya ikavuta pini. Ni kitu kile kile.

Wa pili ni kontrola, yaani mpimaji. Yeye anapima umeme uende kiasi gani kwenye mota, kulingana na jinsi ulivyokanyaga. Ndani yake mna swichi za kielektroniki zinazofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiweka kontrola inayoruhusu ampea nyingi zaidi, kigari kinapata msukumo mkubwa wa kupanda mlima na kung'oka kwenye tope. Kasi ya juu kabisa kwenye tambarare haiongezeki sana, maana hiyo hutegemea zaidi volti na mota yenyewe. Kijana anayekuambia kwamba kontrola kubwa peke yake itakifanya kigari kikimbie kama matatu anakuuzia ndoto.

Sasa sikiliza hesabu ambayo wanawe Mjomba waliisahau. Joto linalozaliwa katika waya au katika kiungo halilingani na ampea, bali linalingana na ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Ukitoka ampea 200 kwenda 400, joto haliwi maradufu, linakuwa mara nne. Kontrola ilikuwa mpya kwao, lakini bawabu alikuwa yule yule wa zamani, waya zile zile nyembamba, na nati zile zile zenye kutu. Fyuzi kubwa kati ya betri na kontrola haikuwepo kabisa.

Wiki ya tatu, asubuhi, Mjomba alikuwa akipanda kutoka mtoni na mitungi yake, mjukuu akiwa ameketi nyuma ameshika sufuria ya mayai. Katikati ya kilima alisikia harufu ya kuungua. Kama mtu yeyote mwenye busara, akainua mguu. Kigari hakikusimama. Kiliongeza mwendo. Akazima ufunguo, kigari kikaendelea. Akakanyaga breki kwa mguu mbovu, na breki za kigari kile ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu, zinavutwa kwa kamba za chuma. Zilipunguza kidogo zikaanza kufuka moshi. Alichofanya baadaye ndicho kilichowaokoa. Alikata usukani akaacha njia, akaingia katika shamba lililotoka kulimwa. Mtoto aliruka. Magurudumu yakazama yakawa yanachimba udongo yenyewe, Mjomba akirushwa huku na huku, mpaka mwanawe mkubwa alipofika mbio na kukata waya wa betri kwa panga. Cheche iliyotoka ilionekana ng'ambo ya mto. Usiige hilo, tafadhali. Kijana alikuwa na bahati kwamba mpini ulikuwa wa mti na kwamba macho yake yamepona.

Mjomba alivunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Mayai yote yalivunjika. Mtoto hakuumia, ila kwa mwezi mzima alikataa kukaribia kigari.

Mimi nilipewa kazi ya kupeleka vile vyuma kwa fundi. Nilivifunga katika gunia, nikapanda matatu Kitale, tukateremka kupitia Kamukuywa, Kimilili na Chwele hadi Kanduyi, pale karibu na mji wa Bungoma. Huko yuko fundi mmoja anayesuka mota upya na ambaye Mjomba humwamini kuliko daktari. Alinikaribisha kwa kigoda, akauliza hali ya mzee, kisha akaikata solenoidi kwa msumeno bila haraka.

"Madam, angalia hapa," akaniambia.

Kile kisahani cha shaba kilikuwa kimeshikamana na nguzo zake kana kwamba kimechomelewa. Fundi alikigonga kwa nyundo mara mbili ndipo kikabanduka. Akafungua kontrola pia, akanionyesha zile swichi za kielektroniki, tatu kati yake zimepasuka.

"Hizi zikifa," akasema, "mara nyingi hazifi zikiwa zimefungua njia. Zinakufa zimeshikana, na umeme wote unapita. Siku hiyo mtu pekee wa kumwokoa mzee alikuwa huyu." Akainyanyua ile solenoidi. "Na huyu alikuwa ameshachomeka."

Hapo ndipo nilipoelewa, msomaji. Watu humsifu kontrola kwa sababu ndiye anayeleta nguvu. Lakini kontrola akishikwa na wazimu, anayeweza kufunga lango ni bawabu. Mjomba alipoinua mguu na kuzima ufunguo, alikata umeme wa koili tu. Springi ilijaribu kukirudisha kisahani, ila kilikuwa kimeganda. (Fundi alinieleza kwamba hatari hii ni kubwa hasa kwa mota za aina ya zamani kama ya Mjomba, zile za kisasa za umeme wa mkondo geu, kontrola yake ikifa, kwa kawaida mota husimama tu.)

Basi, ikiwa nyumbani kwenu mna kigari cha aina hii, au shule au kanisa lenu limepewa kimoja, anza na bawabu. Solenoidi mpya iwe na kiwango cha ampea kinacholingana na kontrola unayotaka kuweka, na koili yake iwe ya volti sawa na za kigari. Koili ya volti 36 ukiipa 48 itaungua polepole. Baina ya nguzo kubwa mbili hufungwa rezista ndogo, mara nyingi ya omu 250 hivi. Wengi huitupa wakidhani ni takataka. Kazi yake ni kuzijaza kapasita za kontrola taratibu kabla lango halijafunguka, bila hiyo, kila "tak!" huja na cheche kali inayokula shaba kidogo kidogo. Juu ya koili nako huwekwa daiodi, ule mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili kuzuia mshtuko wa umeme koili inapozimwa.

Usidanganyike na mlio. Solenoidi inaweza kusema "tak!" vizuri sana huku shaba ndani imeliwa. Njia ya kuipima ni kuinua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kuyaegemeza barabara, kisha kuweka mita ya volti kwenye zile nguzo kubwa mbili na mwenzako akanyage. Mita ikaribie sifuri. Ikionyesha hata sehemu ndogo ya volti inayoendelea kupanda, shaba imechoka. Kisha tenganisha betri, ondoa waya mmoja mnene pamoja na ile rezista, upime kama njia imefungwa. Ikiwa umeme wa mita unapita hali hakuna aliyekanyaga, kitupe leo, usingoje kesho.

Baada ya bawabu, waya. Fundi wa Kanduyi aling'oa zote nyembamba akaweka waya wa kuchomelea vyuma, wa milimita 50 za mraba, na vichwa vilivyobanwa kwa mashine. Akafunga fyuzi nene karibu na betri, na swichi kubwa nyekundu ya kukata umeme wote, mahali ambapo mkono wa Mjomba unafika akiwa ameketi. Kwa maoni yangu swichi hiyo inashinda vyote alivyofunga, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote. Kabla ya kugusa chochote alivua saa na pete, akafunga spana yake utepe. Betri sita hizo zikikutana na chuma kilichokatiza hazina huruma, na wakati wa kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hivyo jiko na sigara zikae mbali.

Kontrola ndiyo iliyokuja mwisho. Safari hii ilikuwa ya aina inayoweza kurekebishwa. Iliruhusu ampea 400, naye akaishusha hadi 300. Akaongeza muda wa kupanda kwa nguvu ili kigari kisiruke kikanyagwapo. Akaiwekea kikomo cha chini cha volti 42, maana betri za risasi zikikamuliwa chini ya hapo huharibika. Breki akazikaza na kubadilisha viatu vyake, akasema hawezi kumpa mzee nguvu za kupanda bila nguvu za kuteremka.

Vijana wa bodaboda za umeme, nanyi mnasikia? Tangu kampuni kama ile iliyoanza kwa jina la Opibus jijini Nairobi mwaka 2017, na ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, zilete pikipiki hizi, kuna mafundi wanaojigamba kwamba wanaweza "kufungua" kontrola. Betri za lithiamu zina mlinzi wake wa kielektroniki ndani. Ukidai ampea kuliko anazoruhusu, anazima kila kitu, pengine ukiwa katikati ya mlima na lori nyuma yako.

Mwezi uliopita nilimtembelea Mjomba. Mkono umepona. Asubuhi aliketi, akamwita mjukuu aje asikilize, akakanyaga kidogo. "Tak!" Akainua. "Tak!" Mtoto akaitikia kwa kichwa, akapanda nyuma na sufuria yake. Kilima walikipanda polepole, bila makofi ya mtu.

Jioni mwanawe mkubwa alianza tena. "Baba, fundi ameacha ampea mia moja hapo bure. Tukipandisha kidogo tu..."

Mjomba hakujibu. Aliingia jikoni, akatoka na lile panga, akaliweka mezani mbele ya kijana. Kwenye makali yake, palipogusa waya, pana pengo la ukubwa wa punje ya hindi.